Hosteli yetu wanachoma taka kila jioni, nyie kwenye kampasi zenu mnafanyaje?

Mmakonde_Kampala
Habari zenu wakuu. Mi Mtanzania nasoma hapa Kampala mwaka wa pili, naishi hosteli karibu na chuo. Kila ikifika saa kumi na mbili jioni askari wa geti anaburuta mapipa mpaka nyuma ya jengo, anamwagia mafuta ya taa kidogo anawasha. Sasa moto wenyewe hauwaki, ni moshi tu mzito unapanda mpaka ghorofa ya tatu, shuka nimefua asubuhi jioni inanuka plastiki. Nimemfuata kastodiani anasema gari la taka halijapita wiki ya pili hii. Wenzangu wa klabu ya mazingira wanataka tubandike mabango, lakini jamani mabango yapo tele na mengine yameungua humohumo. Kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, hapa nikinunua rolex (chapati ya mayai) napewa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nyanya kaveera, hata kaveera ndani ya kaveera. Nianzie wapi?

Mtoto_wa_Arua
Pole mdogo wangu. Usidhani sheria hakuna, ile ya mazingira ya 2019 inakataza kaveera nyembamba chini ya maikroni 30 (kipimo cha unene), ila muuza rolex wa getini hana kipimo cha maikroni na wewe pia huna. We nenda na kontena lako la plastiki mwambie akuwekee humo, mi nafanya hivyo, mwanzoni alinicheka sasa hivi ananiita "ssebo wa kontena", yaani bwana wa kontena.

MamaSwabra
Kaveera ni nusu tu ya habari. Mwanangu, umeshachungulia ndani ya hilo pipa? Mimi nimepika kantini ya chuo miaka mingi, taka zetu nyingi ni maganda ya matoke, ya viazi, na posho (ugali) iliyobaki. Vitu vya majimaji. Ndo maana moto wenu hauwaki, mnachoma supu! Toeni maganda peke yake kabla hayajachanganyika, hapa Kampala wenye ng'ombe na nguruwe wanayatafuta, sisi kuna mtu alikuwa anakuja na baiskeli na magunia saa moja asubuhi, akichelewa kaloli, wale korongo wakubwa wa jalalani, wanamtangulia 😂. Yakishatoka hayo, chupa zinabaki kavu na wale wanaookota chupa watazichukua, chupa iliyolowa uji wa posho nani ataigusa?

boda_wa_Wandegeya
Mama kasema kweli. Na msifikiri gari likija ndo yameisha. Mnakumbuka dampo la Kiteezi, lile la taka za Kampala, Agosti 2024, mlima wa taka uliporomoka baada ya mvua ukafunika nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Yale maganda yakirundikana huko chini yanaoza bila hewa yanatoa gesi ya methani, juu yake mvua inaingia, mzigo unazidi kuwa mzito. Kila gunia la maganda likienda kwa ng'ombe ni gunia moja halijapanda mlima kama ule.

Mmakonde_Kampala
Asanteni sana, nimerudi na ripoti. Jana nimevaa glavu nikamwaga pipa moja la ghorofa yetu, mama alikuwa sahihi kabisa, chini maganda na wali uliochacha, juu chupa, katikati vikaveera vimefungwa fundo na ndani yake maganda tena. Nimepata mzee anafuga ng'ombe wawili kule bondeni, kakubali kuja kila asubuhi ila ana sharti moja, akikuta wembe ndani ya maganda hata mara moja basi harudi. Kwa hiyo nimeomba ndoo mbili kwa kastodiani, kanipa moja. Ya pili nanunua mwenyewe, hiyo ndo ya nyembe na vioo, nitaiweka bafuni na mfuniko. Askari wa geti ndo kafurahi kuliko wote, kumbe hata yeye ule moshi ulikuwa unamkohoza usiku kucha.

MamaSwabra
Ndoo ya maganda itoboe matundu chini mwanangu, la sivyo keshokutwa utarudi hapa kuuliza habari ya funza.