Antena ya ndani: nguvu ya mawimbi ni asilimia 90, lakini picha inaganda

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu:

Ndugu zangu, naomba msaada wa yeyote mwenye uzoefu wa antena za ndani. Ninaishi katika jengo ambalo wapangaji hawaruhusiwi kufunga antena juu ya paa, kwa hiyo ninatumia antena bapa, ile nyembamba kama karatasi ngumu, ambayo nimeibandika ukutani nyuma ya runinga. Chaneli nyingi zinaonekana vizuri. Hata hivyo, kuna kundi moja la chaneli ambalo picha zake huvunjika vipande vipande na sauti kukatika, hasa jioni, na zipo nyingine mbili ambazo jirani wa ghorofa ya juu anazipata lakini mimi sizioni kabisa hata nikitafuta upya. Nilinunua busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, nikidhani kwamba mawimbi ni hafifu. Tangu niifunge, menyu ya runinga inaonyesha nguvu ya mawimbi asilimia 90, ilhali awali ilikuwa 55, lakini kuganda kwa picha kumezidi. Ninaishi na mama yangu, ambaye hutegemea sana taarifa ya habari ya jioni, na inaniuma kumwona akikosa nusu yake. Je, ninunue antena kubwa zaidi, au kuna kosa ninalolifanya?

Fundi Antena:

Pole ndugu, na umpe mama pole zangu. Kabla hujanunua kitu kingine chochote, ondoa hiyo busta, rudi kwenye ukurasa uleule wa menyu, na safari hii usisome mstari wa nguvu bali mstari wa ubora. Nguvu hueleza ni nishati kiasi gani inayoingia kwenye runinga, pamoja na kelele zote zilizoandamana nayo. Ubora hueleza jinsi runinga inavyoweza kuyasoma mawimbi hayo bila makosa. Busta haina uwezo wa kuchagua. Hukuza mawimbi unayoyataka, hukuza kelele, kisha huongeza kelele yake yenyewe kidogo, na kama mnara mmojawapo uko karibu nawe, mawimbi yake yakishakuzwa huilemea runinga kiasi kwamba hata chaneli za minara mingine huharibika. Ndiyo maana namba yako ilipanda na picha ikazidi kuganda.

Busta ina mahali pake, nami sitaki uidharau. Inafaa pale ambapo antena yenyewe inapokea mawimbi safi, lakini yanapotea njiani kwa sababu waya ni mrefu au umegawanywa kwa runinga mbili, kwani kigawanyi cha njia mbili huchukua takriban desibeli 3.5, yaani zaidi ya nusu ya nguvu. Hapo busta hufungwa karibu na antena, kabla ya hasara kutokea. Mawimbi yaliyokwisha kuchafuka hayasafishwi na busta yoyote.

Zamani, wakati wa analojia, mawimbi yakipungua ulikuwa unaona chenga zikiongezeka taratibu. Runinga ya kidijitali hurekebisha makosa kimyakimya hadi yafike kikomo, kisha picha huanguka kwa ghafla. Kwa hiyo chaneli inayoonekana safi mchana inaweza kuwa imesimama ukingoni, na kelele kidogo ya jioni inatosha kuiangusha.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, ambalo kwa maoni yangu ni mahali ulipoibandika. Nyuma ya runinga kuna mabati na saketi zinazotoa kelele, na ukuta nao huenda una nondo. Ndani ya chumba mawimbi hugonga kuta na kurudi, yakakutana na wenzake. Mahali pengine huongezeana nguvu na mahali pengine huuana. Katika masafa ya megahezi 600 urefu wa wimbi ni sentimita 50, na kutoka sehemu moja nzuri hadi nyingine panaweza kuwa na sentimita 25 tu. Tafuta waya wa mita tatu au nne, uhamishe antena kwa upana wa kiganja kila mara, usubiri sekunde kadhaa kwa kuwa kipimo huchelewa, na uandike ubora wa ile chaneli inayokusumbua zaidi, si ile iliyo nzuri tayari. Fanya kazi hiyo jioni, saa ambayo tatizo hutokea. Inachosha, lakini sijapata njia nyingine inayoizidi.

Mdau wa Masafa:

Ninakubaliana na Fundi, ila ningependa kuongeza jambo kuhusu dirisha, kwa sababu najua ndiko utakakokimbilia kwanza. Ushauri wa kuweka antena dirishani ni sahihi kwa kioo cha kawaida. Vioo vya majengo mengi mapya vimepakwa tabaka jembamba mno la metali ili kuzuia joto, na tabaka hilo huzuia pia mawimbi ya runinga. Jaribu hivi: lifungue dirisha huku ukitazama kipimo cha ubora. Kikipanda mara tu unapofungua na kushuka unapofunga, kioo ndicho kizuizi, na pengine ukuta wa kawaida ulio kando yake utakufaa zaidi. Wavu wa mbu wa metali nao unaweza kuleta shida hiyohiyo.

Kuhusu zile chaneli mbili, nadhani ukubwa wa antena ndio unaokuangusha. Chaneli nyingi za kidijitali hurushwa katika UHF, yaani masafa ya juu yenye mawimbi mafupi, ambako nusu ya urefu wa wimbi ni kama sentimita 30 ukiwa kwenye megahezi 500, na antena bapa inatosha kabisa. Lakini baadhi ya nchi bado zinatumia pia VHF, yaani masafa ya chini zaidi yenye mawimbi marefu. Kwenye megahezi 200 wimbi zima lina mita moja na nusu, na nusu yake ni sentimita 75, hivyo kijikaratasi chako hakina urefu wa kulikamata vizuri. Tazama masafa ya chaneli hizo kwenye runinga ya jirani. Zikiwa chini ya megahezi 300, azima ile antena ya zamani yenye pembe mbili, vuta kila pembe ifike karibu sentimita 37, zilaze zote mbili zikielekea pande tofauti kama mikono iliyonyooshwa, na upana wake uuelekee mnara. Kama hakuna mabadiliko, zisimamishe wima, kwa kuwa baadhi ya minara hurusha mawimbi yaliyosimama. Halafu usitegemee utafutaji wa jumla. Ingiza masafa kwa mkono ili uone ubora ukipanda hata kabla ya picha kutokea.

Jirani Mwema:

Nina swali moja tu. Jioni mnawasha nini ambacho mchana huwa kimezimwa? Taa za LED na chaja za bei nafuu hutoa kelele nyingi za redio. Zima kimoja kimoja huku ukitazama ubora.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni, na ninaleta matokeo ya jioni mbili. Baada ya kuondoa busta, nguvu ilirudi asilimia 55 na ubora wa lile kundi sumbufu ukapanda kutoka 30 hadi 45. Niliihamisha antena hatua kwa hatua, na sehemu bora haikuwa dirishani kama nilivyotarajia, bali juu ya kabati lililo upande wa pili wa sebule, ambako ubora ulifika 70. Nikiisogeza upana wa viganja viwili tu, unashuka chini ya 50. Taa ya mezani ya mama, iliyokuwa karibu na runinga, nayo ilikuwa ikichukua karibu alama 10 kila inapowashwa, kwa hiyo tumebadilisha balbu yake. Jana alitazama taarifa ya habari yote bila kukatika hata mara moja.

Chaneli mbili za jirani ziko kwenye megahezi 198, na zote zimetokea kwa pamoja nilipojaribu antena ya pembe. Tatizo lililobaki ni kwamba pembe hizo hazizipati chaneli za UHF vizuri kama antena bapa. Je, ninaweza kuziunganisha antena zote mbili kwa kigawanyi cha kawaida nilichokigeuza?

Mdau wa Masafa:

Usitumie kigawanyi, ndugu yangu. Kila antena itaingiza pia mawimbi ya masafa ambayo si yake, yatagongana na ya mwenzake, na utarudi ulikotoka. Tafuta kiunganishi chenye tundu la VHF na tundu la UHF yaliyotenganishwa. Kila tundu hupitisha masafa yake tu na kuzuia mengine, na hasara yake ni ndogo. Antena bapa ibaki palepale juu ya kabati, na pembe uziweke mbali nayo kadiri waya unavyoruhusu.