Jirani amejifungua na hana mtu, tumsaidie aje bila kuonekana tunaingilia?

mama_wa_ploti
Habarini wamama na wababa wa hapa, naomba ushauri juu hii kitu imenikalia kwa roho wiki nzima. Naishi Mukuru kwa Njenga, ploti yetu iko na vyumba 14 na mfereji mmoja pale kwa geti. Jumatano iliyopita nimetoka saa kumi na mbili asubuhi kuchota maji nikapata msichana wa namba nane ameinamia beseni anafua nguo za mtoto, na mkononi bado ako na ile kitu ya plastiki wanafunganga hospitali. Alikuwa amejifungua Jumatatu! Akaniambia maji huisha mapema na hakuna wa kumchotea, bwana ametoka usiku kwenda kutafuta kibarua Industrial Area, mamake ako Kitui na nauli hakuna.

Nilimnyang'anya mtungi nikambebea lakini siku yote nilikuwa najiuliza, si sisi wote tuliingia kwake kuona mtoto? Tukapeleka sabuni na nepi, tukasema anafanana na babake, tukaenda zetu. Hakuna hata mmoja aliuliza kama yeye mwenyewe amekula.

Sasa kwa chama tuko wanawake watano tumekubaliana tuanze zamu, huyu maji, huyu kufua, huyu chakula. Na kuna wengine wawili ploti ya pili wako karibu kujifungua. Shida ni hatujui mipaka. Mtu anafaa kuenda siku gani, aangalie nini, na ukiona kitu haiko sawa unaongea aje bila kuonekana unaingilia nyumba ya wenyewe? Na huyu wa namba nane ananitia wasiwasi, ukimuongelesha anajibu neno moja alafu anaangalia ukuta.

chp_dandora
Dada Mungu akubariki sana. Mimi ni CHP, yaani mhudumu wa afya wa jamii anayetembelea nyumba, huku Dandora, nimeanza hii kazi tukiwa tunajitolea tu bila chochote, hadi Septemba 2023 ndio tukapewa vifaa na simu, na sai kuna ile elfu tano ya mwezi serikali kuu na kaunti wanachangia nusu nusu. Kila mmoja wetu ako na kama nyumba 100, kwa hivyo hata ukiwa na bidii namna gani kuna mama atakupita. Watu kama nyinyi ndio macho yetu.

Kitu ya kwanza tafuteni CHP wenu, ulizeni kwa zahanati ya karibu ama kwa mzee wa nyumba kumi, mmpatie majina ya hao wamama wawili kabla wajifungue. Yeye ndio anaweza kuandika rufaa mama akipelekwa hospitali.

Siku tunazowekanga maanani nyumbani ni ya kwanza, ya tatu na ya saba. Hiyo ya tatu wengi huidharau na ndio ngumu kabisa. Maziwa ndio yanaingia, matiti yanakuwa mawe, mtoto hashiki vizuri analia, mwingine anaanza kuwa manjano, na wageni wameshaenda. Mama akianza kufikiria maziwa yake hayatoshi ni hapo, alafu mtu anamwambia apatie mtoto maji ya glukosi. Usimpatie. Kaa na yeye, mshikie mto chini ya mkono, mtoto afungue mdomo wazi achukue na ile sehemu nyeusi ya titi, si chuchu peke yake.

Ukiingia nawa mikono na usikimbilie mtoto. Salimia mama kwanza, muulize amelala masaa mangapi, amekula nini leo. Omba akuonyeshe kitabu cha kliniki, tarehe za kurudi ziko hapo: kwa masaa 48 ya kwanza, wiki ya kwanza ama ya pili, alafu wiki ya nne hadi ya sita, na ya sita mtoto ako na chanjo pia. Na tafadhali, yale umeona ndani ya nyumba yake yasifike kwa mfereji. Mkivunja hiyo moja hakuna mama mwingine atawafungulia mlango.

mama_watatu_kayole
Naunga mkono lakini wacha niseme upande wangu. Mtoto wangu wa pili majirani walikuja, walikuja kweli, na kila mtu na neno lake, huyu ati mfunge tumbo, huyu mpake jivu kwa kitovu, mwingine amekaa hapo saa mbili anataka chai nami ndio natengeneza hiyo chai na nyuzi zinauma. Nililia wakienda. Mtu alinisaidia kabisa ni shosho wa nyumba ya chini, hakuwa anaongea mingi, kila asubuhi anachukua mkubwa wangu anampeleka shule na kumrudisha, wiki mbili nzima, ananiachia njahi kwa mlango anasema lala. So mkienda endeni na kazi ya kufanya, mkimaliza tokeni.

nesi_wa_usiku
Jivu hapana jamani! Wala dawa ya meno, wala mate. Kitovu kinapakwa ile jeli ya chlorhexidine mnapewanga hospitali, na muangalie sana, tyubu yake inafanana na ya dawa ya macho, ikiingia kwa jicho la mtoto inaliumiza vibaya. Wekeni mbali mbali.

Nimefanya kazi ya wodi ya wazazi miaka mingi, wacha niwaambie venye mtajua si mambo ya kungoja asubuhi. Padi inajaa chini ya saa moja. Joto jingi ama uchafu unanuka. Mguu mmoja umevimba na unauma. Kichwa kinauma hakiachi, macho yanaona nyota nyota, hii watu hawajui kwamba presha ya mimba inaweza kuja hata baada ya kuzaa, hadi wiki sita, na hata kama kliniki presha ilikuwa sawa. Kwa mtoto ni akikataa kunyonya, akiwa moto ama baridi, akipumua haraka na kifua kinaingia ndani, kitovu kikiwa chekundu, ama degedege. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata watoto 21 kwa kila 1,000 wanaozaliwa Kenya hawafikishi mwezi mmoja. Hizo dalili zina haraka.

Sasa huyo anaangalia ukuta. Machozi ya wiki ya kwanza ni kawaida na huisha. Yakipita wiki mbili, ama hana haja na mtoto, halali hata mtoto akiwa amelala, huyo anahitaji kuonekana na daktari. Na usiogope kumuuliza moja kwa moja kama amewahi fikiria kujiumiza ama kuumiza mtoto. Kuuliza hakumpi hiyo wazo. Akisema ndio, asiachwe peke yake hata dakika, mpelekeni hospitali siku hiyo. Kuna pia 1199 ya Red Cross, ni bure kupiga. Lakini kabla useme ni mawazo, muulize kama kichwa kinamuuma.

baba_githurai
Mmesahau bwana yake. Sheria inapea baba likizo ya wiki mbili lakini hiyo ni ya mtu ameajiriwa, wa kibarua asipoenda leo hakuna unga kesho. Wetu alizaliwa kabla ya miezi, mdogo kabisa, na sikujua naweza fanya kitu hadi nesi akaniambia nitoe shati akamuweka hapa kwa kifua, ngozi kwa ngozi, akatufunga na leso. Nilikaa hivyo masaa mengi mama akilala. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hiyo ni kazi yangu pia. Tumeni mwanaume mmoja wa ploti aongee na yeye jioni, pole pole.

mama_wa_ploti
Asanteni wote, nimesoma nikalia. Nesi, jana usiku nilisoma yako nikaingia namba nane na uji wa wimbi nikamuuliza kichwa. Akasema kinamuuma tangu Jumapili na macho yanakuwa na giza, alidhani ni kukosa usingizi. Tulitafuta probox ya jirani saa nne usiku, presha ilikuwa juu sana wakamlaza. Mtoto ako na yeye, ananyonya.

CHP wetu kumbe anaishi ploti tatu kutoka hapa, amekuja leo asubuhi akaandika majina ya wale wawili. Babake mtoto ameongea na mzee wa namba mbili, ameshinda hospitali leo. Sisi tumefua kila kitu kilikuwa kwa beseni na nguo ziko kwa kamba. Zamu ya chakula kesho ni yangu, nauliza tu, mtu wa presha anaruhusiwa njahi na chumvi kidogo ama niwache chumvi kabisa?

nesi_wa_usiku
Chumvi kidogo sana, njahi ni sawa. Na usiweke zile royco. Uliza nesi wa hapo wodi kabla umpatie, na umwambie akitoka presha ipimwe tena kabla wiki iishe.