Yule muuza buti wa beseni kaniambia mguu wangu ndo feki

Wakuu habari za mchana, yangu mimi sio nzuri. Naandika hapa nimesimama kijiweni kwa bodaboda nje ya duka lake, buti nimelikumbatia, soli nimeibana kwapani, na nikimaliza kuandika sijui naelekea wapi kwa hasira hizi.

Jina sitaji. Mnamjua. Kila aliyewahi kuulizia buti za mlima hapa Moshi kapelekwa kwake, yule wa beseni. Yule anayetumbukiza kiatu kwenye beseni la maji mbele ya watu, kinaelea pale kama bata, yeye anapiga stori mbili tatu na wapita njia, alafu anazamisha mkono ndani anatoa soksi nyeupe kavu anaipepea juu na kutangaza "wotaprufu hiyo, haipitishi hata dhambi!" Basi mimi na akili zangu timamu nikaona soksi kavu nikahesabu laki na ishirini. Laki na ishirini wakuu! Hiyo ni mbuzi na chumvi ya kumchomea na chenji ya ndizi.

Wikiendi tukaenda Machame, ile njia ya kupandia Kilimanjaro, tulipanga kugusa kempu ya kwanza tu na kurudi. Mnaijua Machame kipindi hiki cha mvua, kuanzia getini mita 1,800 hadi kule karibu mita 3,000 ni msitu mtupu, mizizi, na tope ambalo ukikanyaga linakuuliza unaenda wapi. Hatujafika hata nusu ya msitu soli ya kulia ikaanza kuongea. Mwanzo chap chap. Alafu kwap kwap. Wenzangu wakawa wanageuka nyuma wanadhani kuna mtu anatufuata. Mara ikaachia mbele yote, kila hatua inafungua mdomo inachota tope inanipakulia kwenye soksi. Gaidi, yani yule mwongoza njia wetu, akaifunga kwa kamba ya hema, kamba ikakatika, akaifunga kwa kamba ya begi langu, sasa begi likawa linafunguka. Wapagazi wana kilo 20 kichwani, kuna mmoja ana trei za mayai na mtungi wa gesi, raba za kawaida miguuni, ananipita anasema "pole kaka". Mlima una mita 5,895, mimi theluji sijaiona, nimeona vidole vyangu.

Hayo yote nilisamehe. Leo nimerudi kwake kistaarabu kabisa, nimesalimia, nimeweka buti mezani na soli yake pembeni. Dukani kuna mama anachagua koti, kuna wazungu wawili wanajaribu fimbo, na wale vijana wake. Akalishika. Akaligeuza. Akalinusa, wakuu, akalinusa! Alafu akaniangalia mguu, akauangalia kwa muda, akasema kwa sauti ya kusikika stendi: "Kaka, kiatu ni oriji. Mguu ndo feki."

Duka zima likaangua kicheko. Mama wa koti akakaa chini. Hata wazungu walicheka na Kiswahili hawajui.

Mguu ndo feki. Mguu! Huu nimezaliwa nao, umekanyagwa na ng'ombe, umecheza mpira peku tangu shule ya msingi, haujawahi kuachia soli! Yani mtu anakula laki na ishirini yangu alafu anaukagua mguu wangu kama ndo yeye kauziwa. Nimetoka pale nimekosa hata cha kujibu, jibu limenijia hapa kwa bodaboda na sasa nikirudi ndani ntaonekana chizi.

Naomba mnielekeze buti zisizoingiza maji, bei ya binadamu, zinazodumu, zinapatikana wapi. Ila kwanza mtu anieleze, mguu feki ndo ukoje?

Kijana wa Pasua: Uzi bila picha ya mguu batili.

mangi_mdogo: Nimecheka mpaka bosi katoka ofisini kwake kuja kuuliza. Mleta mada huo mguu ulipewa na risiti?

Shangazi Mkali: Jamani mwacheni mtoto wa watu. Mwanangu pole. Ila alinusa kweli?

Buti Mkononi (mleta mada): Shangazi alinusa. Mbele ya watu.

fundi kiatu Mbuyuni: Mkuu punguza hasira nikupe shule ya bure. Hiyo soli haijauawa na Machame, ilikufa kitambo. Katikati ya ngozi na soli ya chini kuna tabaka la povu, buti nyingi ni poliurethani. Lile povu linaoza kwa kukaa. Unyevu wa hewani unalila kidogo kidogo, buti ikilala kabatini Ulaya miaka mitano hadi kumi, hata haijavaliwa, povu linakuwa unga na gundi haina cha kushika. Kwa nje inang'aa, ukiipeleka kwenye tope inaachia siku hiyohiyo. Na kale kanembo ka njano ka Vibram mnakokakimbilia ni ka soli ya chini tu, povu la juu yake ni habari nyingine. Kabla hujatoa hela ikunje buti kwa nguvu, alafu bonyeza povu kwa kucha pembeni. Ukiona nyufa, au linanata, au linatoa punje, salimia uondoke. Yenye povu la aina nyingine, linaitwa EVA, haiozi hivyo, yenyewe inasinyaa tu na kuwa ngumu. Iliyoshonwa soli kiwandani ndo bora zaidi maana siku soli ikiisha inabadilishwa. Hiyo yako niletee, naweka soli ya raba nazungushia uzi wa nailoni, elfu kumi na tano.

Buti Mkononi: Fundi ahsante sana, ila hujanijibu. Mguu unakuwaje feki?

Ngosha wa Bomang'ombe: Mleta mada usimsikilize fundi. Akizungusha uzi keshatoboa matundu duru nzima, maji yanaingia kupitia uzi. Mimi fundi mmoja hapo hapo Mbuyuni, hajijui basi, alinishonea buti nzuri kabisa, siku ya mvua maji yakawa yanaingia kwa mbele yanatokea kwa nyuma. Nilipomfuata akaniambia "sasa angalau yanatoka".

fundi kiatu Mbuyuni: Wewe ulitaka ya elfu nne. Kwa elfu nne ulitaka nikushonee na mwamvuli?

Ngosha wa Bomang'ombe: KUMBE NI WEWE!!!

Kijana wa Pasua: Hahahaha kajitaja mwenyewe

Mteja Mwaminifu (mwanachama mpya, kajiunga leo): Mimi sio muuzaji ni mteja tu wa kawaida, buti za huyo ndugu ni imara sana na hata beseni lake ni safi. Watu wengine wanaanika viatu kwenye moto kempu gundi inalegea alafu wanakuja kuchafua biashara za watu.

mangi_mdogo: Karibu jukwaani mwenye beseni.

Buti Mkononi: Moto gani?? Soli imeachia NJIANI, kempu nilikuwa sijaiona, huo moto niliuwasha kwenye tope? Wakuu mnaona? Hadi huku kanifuata. Aje aandike hapa ile kauli ya mguu kama kweli mwanaume.

Mpagazi Mstaafu: Vijana, hilo beseni ni mazingaombwe. Maji yametulia, kiatu hakina mguu ndani, hakikunjwi, na anakitoa baada ya muda mfupi. Kwa jaribio hilo hata kiatu cha kipaimara kinafaulu. Njiani buti inajikunja kwenye vidole kila hatua na uzito wako unasukuma maji, hapo ndo utajua. Hizi za Gore-Tex na ndugu zake zina utando ndani, vitundu vyake ni vidogo mno tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho unapita. Utando ukichanika sehemu moja tu, labda kwenye kisigino, hiyo tena sio wotaprufu hata akupepee soksi kumi. Na sehemu kubwa ya maji ya Machame yanaingilia juu, unatumbukia dimbwi linapita shingo ya buti. Hapo dawa ni gaita, kile kitambaa cha kufunika shingo ya buti na mguu kwa juu. Namba ongeza moja kwenye ile ya kila siku, mguu unavimba, na kwenye kushuka vidole vinagonga mbele mpaka kucha zinang'oka. Ikilowa itoe soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini, jikoni usisogeze. Na usiipandishe mlimani ikiwa ngeni, izungushe kwanza mtaani, nenda nayo sokoni, nenda nayo kanisani wakucheke.

Shangazi Mkali: Mnajitesa na malaki. Gambuti lipo sokoni kwa hela ndogo, halina utando, halina povu, halina beseni. Mimi shambani Kibosho naingia nalo masika yote mguu mkavu.

Kijana wa Pasua: Shangazi gambuti halipitishi maji ya nje wala ya ndani. Ukifika kempu jasho unalimwaga kwa kikombe.

Mpagazi Mstaafu: Shangazi yuko sahihi nusu. Sisi zamani msituni tulikuwa tunapanda nalo, juu kwenye mawe tunabadilisha. Shida yake halishiki kifundo, ukishuka nalo kwenye mawe linaenda huku mguu unaenda kule.

mangi_mdogo: Mguu feki ndo unaenda kule.

Buti Mkononi: Mangi nakuheshimu.

msee wa Gikomba: Poleni majirani. Hata huku Nairobi tuko na wetu, wale wa Gikomba wanamjua, anauzanga akiwa amesimama juu ya meza. Aliniuzia boot 3,500 akaniapia nitaachia wajukuu. Nikaenda nayo Elephant Hill kule Aberdare, ile sehemu ya mianzi ni matope tupu, boot ikabaki kwa matope mimi nikaendelea na soksi. Kurudi aliniambia "buda, hiyo ni boot ya lami". Boot ya kupanda mlima, ya lami!

Ngosha wa Bomang'ombe: Mkenya una mlima wa mita 5,199 unakuja kwenye uzi wa wenye 5,895. Tunawaona kutoka juu.

msee wa Gikomba: Juu gani? Mwenye uzi ameonea kutoka msituni na soli kwapani.

Kijana wa Pasua: 😂😂😂 hii imeingia

Buti Mkononi: Wakuu uzi unapotea. Mimi nimetukanwa mguu jamani.

Dada wa Soweto: Mleta mada wewe afadhali umetukanwa na muuza duka. Sisi tumetukanwa na kiongozi wa kundi la matembezi, sitaji, ila wale mliokwenda Marangu juzi mnamjua, yule anayetembea na spika mgongoni. Kachangisha elfu thelathini na tano "nauli, gaidi na lanchi nzito". Tumefika pale karibu na Mandara, kempu ya kwanza, tumelowa tumechoka, anafungua boksi, lanchi nzito ni NUSU chapati na yai. Nusu! Nikamuuliza nusu nyingine iko wapi, anasema "dada huku juu hewa ni nyepesi, ukila sana utatapika".

Shangazi Mkali: Ehee huyo namjua!! Mandara ni mita 2,720 tu, hewa nyepesi ya wapi hiyo, hata kempu ya pili ya Horombo hajafika!

Mpagazi Mstaafu: Mlimani mtu anatakiwa ale sana tu, kadiri unavyopanda ndo hamu inapotea, kwahiyo chini unakula kwa bidii. Huyo aliwaibia.

Ngosha wa Bomang'ombe: Mimi alinipa nusu isiyo na yai. Kumbe yai lilikuwepo??

mangi_mdogo: Yai langu lilikuwa la jana yake. Nilikaa kimya kwa heshima ya kundi.

Dada wa Soweto: Na zile nusu nyingine mnajua zilienda wapi? Kwenye gari wakati wa kurudi aliziuza, shilingi mia tano mia tano. Nusu zetu wenyewe!

fundi kiatu Mbuyuni: Mimi nilinunua mbili.

Kijana wa Pasua: Fundi kila uzi upo kwenye kesi.

Buti Mkononi: Wakuu nipo bado hapa nje ya duka. Ametoka na beseni. Kuna mteja mpya anamtumbukizia kiatu. Niende nimwambie au niache?

Shangazi Mkali: Dada wa Soweto ile spika aliichangishia pia, sio yake.

Dada wa Soweto: SHANGAZI TEMA YOTE. Elfu ngapi??

msee wa Gikomba: Niko hapa na mahindi yangu, endeleeni.

Shangazi Mkali: Elfu tano kila kichwa, alisema ni "ya usalama". Na sasa anachangisha ya Desemba 9, kapandisha, na safari hii kaandika lanchi nzito SANA.

Ngosha wa Bomang'ombe: Mimi nimeshalipa 🤦🏾 kwani chapati nzima haipo kwenye tangazo?