Fundi anataka kuvunja paa la asbesto, Tabora

Swali: Wakuu, nyumba ya zamani hapa Tabora mjini imeezekwa asbesto (mabati ya saruji yenye nyuzi za madini). Fundi anataka kuivunja kwa nyundo. Kuna hatari?

Jibu 1: Msimamishe leo, mkuu! Ikivunjwa inatoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, na ukizivuta zinafika hadi utando wa mapafu. Ilowesheni kwa maji yenye sabuni kidogo, fungueni boliti moja moja, teremsheni bati zima bila kulirusha. Fungeni kwa nailoni nzito, tabaka mbili. Barakoa ya kitambaa haisaidii, tafuteni FFP3, ile barakoa maalumu ya kuchuja vumbi laini. Msifagie pakavu. Nguo za kazi zisiingie ndani. Vumbi linaloganda kwenye nguo hizo limewaua wake wa mafundi waliozifua.

Jibu 2: Saratani ya utando huo, mesothelioma, kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Mzee aliyekata mabati hayo ujanani, akibanwa kifua na kujaa maji kwenye utando wa mapafu, amweleze daktari kazi aliyofanya. Mara nyingi huku kwetu maji hayo husababishwa na TB kweli. Ila dawa za TB zisiposaidia, aombe akatwe kipande kidogo cha utando kikapimwe, maana kupima maji peke yake huweza kuikosa saratani.

Muulizaji: Na paa likiwa zima?

Jibu 1: Liacheni. Msitoboe, msisugue kwa brashi.