Timu yetu iliuzwa kimyakimya, na sasa hata daftari lake halionekani

Wakuu, salaam.

Hapa Tanga mtaa wetu ulikuwa na timu iliyocheza ligi ya mkoa kwa misimu miwili tu, kisha ikatoweka bila mkutano mkuu na bila hata barua kwa wanachama waliokuwa wakichangia nauli, maji na posho za wachezaji. Habari tulizipata vijiweni: nafasi yake katika ligi amepewa mtu mwingine, aliyebadilisha jina, jezi na makao, na fedha alizolipa zimekwenda kufidia "gharama za uongozi". Gharama zipi hizo, ilhali hata mipira ilinunuliwa kwa michango yetu?

Najua wapo watakaosema kwamba huo ndio mtindo wa soka letu siku hizi. Ni kweli kwamba timu ya DTB ya Dar es Salaam iligeuka Singida Big Stars mwaka 2022, na Ihefu ya Mbarali ikahamia Singida na kuwa Singida Black Stars mwaka 2024. Lakini mabadiliko hayo yalitangazwa hadharani, na shabiki aliyekasirika alijua amkasirikie nani. Sisi tulifichwa.

Linaloniudhi zaidi ni kumbukumbu. Ubingwa wa ligi kuu wa Coastal Union ya hapa Tanga, wa mwaka 1988, unasimuliwa hata na watoto waliozaliwa juzi. Na hata aibu ya msimu wa 2015/16, ambapo timu tatu za Tanga, Coastal, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja kwa pamoja, imeandikwa na haifutiki. Ya kwetu imefutika kwa sababu katibu aliondoka na daftari lenye usajili, matokeo na hesabu, na simu zetu hapokei. Wanaoumia ni vijana: mfungaji wetu alipokwenda kufanya majaribio kwingine aliulizwa amecheza wapi, akakosa hata karatasi moja ya kuonyesha. (Na mabao yake tuliyaona sote, wakiwemo viongozi waliokuwa wakipiga naye picha.)

Kwa hiyo nawataka viongozi wale, ambao najua wanasoma hapa, warudishe daftari, waonyeshe mkataba wa mauzo na waitishe mkutano wa wanachama kama katiba waliyotusainisha inavyoelekeza. Mwenye nakala ya ratiba, orodha ya kikosi au stakabadhi ya mchango aiweke hapa chini, nimeanza kukusanya.