Baba hataki kuingia Nyayo House, hata kwa pasipoti

BintiWaMwalimu
Hamjambo. Baba yangu alikuwa mwalimu hadi 1986, kisha "akaacha kazi". Ndivyo tulivyoambiwa. Juzi nilimpeleka Nyayo House, lile jengo la serikali Nairobi, kushughulikia pasipoti, aende Kanada kumwona mjukuu. Mlangoni akasimama, akasema amesahau kitambulisho. Kilikuwa mfukoni mwa shati, nakiona.

Usiku nikamuuliza mama. Alifunga dirisha kwanza. "Baba yako alifungwa miezi kumi na mitano. Usimuulize."

Tangu hapo naupanga upya utoto wangu. Wageni wakitaja serikali, redio inaongezwa sauti. Madaftari yetu yalichomwa kila mwisho wa mwaka. Na maji! Mtu akitoka kuoga, baba yuko nyuma yake na tambara, anakausha sakafu hadi pembeni. Tulidhani ni usafi, tukamwita Bwana Kavu. Mimi mwenyewe, mtu mzima, siandiki jina langu kwenye kitabu nilichonunua.

Kuna rekodi popote? Na nimuulize?

Mzee_Kobe
Binti yangu, huo ndio mwaka wa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi. Waliozuiliwa bila kesi walitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kama alihukumiwa, humo hayumo. Tafuta faili ya kesi mahakamani. Wengi walipelekwa kortini jioni, bila wakili, wakakiri makosa dakika chache tu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 pia inaeleza kipindi hicho.

Kuhusu maji, keti kwanza. Seli za chini ya Nyayo House zilimwagiwa maji, mtu akaachwa humo uchi siku kadhaa, ngozi ya miguu ikichubuka.

Usimhoji. Huyo alishahojiwa.

Nyambura_K
Pasipoti si lazima Nairobi. Embu wanashughulikia, Nakuru pia. Usimrudishe pale, tafadhali.

BintiWaMwalimu
Asanteni. Mzee, jibu lako nimelisoma mara tatu nikiwa jikoni, na lile "Bwana Kavu" linaniwasha mdomoni.

Leo asubuhi alikuwa bafuni anakausha. Nikachukua tambara jingine, nikapiga magoti upande wa pili. Hakuinua kichwa.
"Mama yako amekwambia."
"Ndiyo, baba."
Akanisogezea ndoo. Tumekubaliana Embu, Jumanne.