Kusuka magurudumu ya mashindano Malindi: spoki zakatika upande wa kushoto

mwendo_wa_kusi: Assalamu alaykum mafundi. Nina kilo 84, baiskeli ya gia 11, breki za rimu, njia ni Malindi hadi Kilifi na kurudi. Gurudumu la nyuma lina spoki 24, na za kushoto zinakatika moja moja kwenye kiwiko, pale zinapoingia habu (kitovu cha gurudumu). Nikisuka jipya, nitie spoki nene zaidi?

fundi_mambrui: Waalaykum salaam. Unene si dawa. Kaseti, yaani meno ya gia za nyuma, inachukua nafasi upande wa kulia, kwa hiyo spoki za kulia zinakazwa sana na za kushoto zinabaki na karibu nusu tu ya mkazo huo. Kila spoki ya kushoto ikifika chini inalegea, ikipanda inavutwa tena. Mara elfu kwa elfu, kiwiko kinachoka.

Nyuma tia 32, mbele 28, kila spoki ipishane na wenzake watatu. Chukua za stenlesi zilizopunguzwa katikati, 2.0/1.8/2.0, maana ule wembamba unavutika kidogo na spoki hailegei upesi. Kulia kaza hadi mkazo wa kilo 110 hadi 120, ila usivuke kikomo cha mtengenezaji wa rimu. Kisha, tafadhali usiiruke hii: kamata spoki mbili mbili zinazokwenda sambamba, uzibane kwa nguvu gurudumu zima, unyooshe, urudie mpaka rimu isihame tena.

baharini_lamu: Na nipo, zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye rimu, ziwe za shaba ya manjano. Za alumini zinapunguza gramu 40 hivi kwa nipo 60, basi. Chumvi ya hapa ikikaa kati ya alumini na spoki ya stenlesi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe shingoni mwa nipo. Ukitia spana, pembe zinamomonyoka kama chokaa. Paka grisi kwenye hesi kabla ya kusuka. Habu ya gololi ni nzuri kwa sababu inafunguka: osha, tia grisi ya boti, rudisha gololi 9 kila upande wa nyuma.

mwendo_wa_kusi: Shukran. Urefu wa spoki nichukue ule ule wa zamani?

fundi_mambrui: La. Pima rimu na habu mpya zenyewe. Spoki ikipungua milimita 2 haifiki kichwani mwa nipo, na kichwa hicho kitakuja kung'oka barabarani. Na kila ukirudi toa punje za mchanga kwenye mpira wa breki, zinakwangua rimu kama tupa.